Viungo vya mkato katika inventori ya Second Life: dalili, chanzo na tiba

Mwenye nguo elfu mbili katika Second Life, ulimwengu wa mtandaoni ambamo kila mtu ana avata, yaani mwili wake wa kidijitali, hapangi inventori yake (stoo ya vitu vyake) kwa kunakili. Kila kitu halisi hukaa mahali pamoja, kisha folda za mavazi hujazwa viungo: kiatu kimoja, viungo ishirini. Mpango huu ukishika, kubadilisha mavazi ni kazi ya mbofyo mmoja. Ukiharibika, unaingia na kumkuta avata yuko peku, hana nywele, na nusu ya folda imeandikwa "broken link".

Hapa chini kuna hitilafu zinazoripotiwa mara nyingi, zimepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia, kile cha nadra kinafuata. Viungo tunavyosema si vya mwili wala vya pilau. Ni vile vyenye jina la maandishi ya mlazo na neno "link" mwishoni. Programu ya Second Life haina menyu ya Kiswahili, kwa hiyo majina ya vitufe tumeyaacha kama yalivyo kwenye skrini. Hatua zinahusu programu rasmi ya Linden Lab, kampuni inayoendesha Second Life, na Firestorm, programu mbadala ya kuingilia humo. Maneno ya menyu hubadilika kidogo toleo hadi toleo.

Kwanza, kiungo ni nini hasa

Kiungo hakibebi nguo ndani yake. Ni kama namba ya simu uliyoihifadhi. Ukiifuta namba, mwenyewe haendi popote. Akihama nyumba, bado unampata. Lakini akibadilisha laini, wote wenye namba ya zamani wamempoteza, hata kama ni mtu yuleyule na anakaa palepale.

Ndivyo ilivyo kwenye inventori. Kufuta kiungo hakugusi kitu halisi. Kuhamisha kitu halisi kutoka folda moja kwenda nyingine hakuvunji kiungo hata kimoja, kwa sababu kiungo hufuata kitambulisho cha kitu, siyo mahali kilipo. Ukibadilisha jina la kitu halisi, viungo vyake vyote vinaonyesha jina jipya. Kiungo chenyewe hakina jina lake la kubadilishwa. Ukitengeneza kiungo cha kiungo, kinachopatikana ni kiungo kingine cha kitu halisi kilekile. Na ukifuta kitu halisi, vyote vimekufa kwa pamoja. Ukilishika hili, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua kabla ya kusoma.

Kabla ya kutibu chochote, hakikisha mambo mawili. La kwanza, inventori imemaliza kupakuliwa: tazama idadi ya vitu kwenye dirisha la "Inventory". Kama bado inapanda, usiguse kitu. Ikiwa imekwama, andika herufi zozote kwenye kisanduku cha kutafutia. Hilo huilazimisha programu iendelee kuvuta folda zilizobaki. La pili, seva ziko salama: angalia ukurasa wa hali ya mfumo, status.secondlifegrid.net. Siku za Jumanne na Jumatano maeneo mengi huzimwa na kuwashwa upya kwa matengenezo, na kubadilisha mavazi eneo likiwa linafungwa ni kujitafutia balaa.

Dalili: viungo vinaonyesha "broken link"

Hii ndiyo lalamiko kuu, na mara nyingi hakuna kilichovunjika.

*Inventori haijamaliza kupakuliwa.* Kiungo kikifika kabla ya kitu chake, programu inakiita kilichovunjika mpaka kitu hicho nacho kifike. Kwa anayetumia bando la simu au mtandao unaokatika, hali hii inaweza kudumu dakika kadhaa kila anapoingia. Subiri idadi isimame, kisha funga dirisha la inventori na ulifungue tena. Vingi vitarudi vyenyewe.

Onyo: usifute viungo "vilivyovunjika" wakati idadi bado inapanda. Watu wamefuta mavazi ya miaka kwa namna hii, wakidhani wanafagia takataka.

*Kitu halisi kimetupwa.* Fungua folda ya "Trash" na utafute kwa jina. Kikiwepo, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Restore Item". Kwa kuwa kitambulisho chake hakijabadilika, viungo vyake navyo vinafufuka. Kama "Trash" imeshamwagwa, kitu hicho hakirudi kwa njia hii. Kitafute dukani: kwa vitu vinavyonakilika vilivyonunuliwa Marketplace, duka la mtandaoni la Second Life, historia ya manunuzi ina njia ya kuletewa tena, na maduka mengi ya ndani ya Second Life yana mashine ya kutuma upya. Lakini jua kwamba kitakacholetwa ni kitu kipya chenye kitambulisho kipya. Viungo vya zamani havitakitambua; itabidi uvitengeneze tena.

Programu hukuonya unapofuta kitu chenye viungo, na ushauri wake ni kwamba ufute viungo kwanza. Wengi hubofya "OK" bila kusoma. Onyo hilo likitokea, bofya "Cancel", kisha angalia viungo vinavyotajwa viko wapi.

*Kitu kisichonakilika kilitolewa nje.* Hapa ndipo mfano wa laini ya simu unapokaa sawasawa. Kitu chenye ruhusa ya "no copy" ukikiweka ardhini, kinatoka kwenye inventori kabisa. Ukikichukua tena, kinarudi kama kitu kipya: jina lilelile, umbo lilelile, kitambulisho kingine. Mara nyingi hutokea kwa mtu aliyeweka kiatu au nywele chini ili azirekebishe, au aliyechagua "Drop" badala ya "Detach". Dawa ni kutengeneza kiungo upya katika kila vazi. Kinga ni kurekebisha vitu vya aina hii ukiwa umevivaa, kamwe si ardhini.

*Kilirudishwa na mwenye ardhi.* Uliweka kitu kwenye uwanja wa mtu, ukaondoka, mfumo ukakirudisha. Kitakuwa ndani ya "Lost And Found", nacho huhesabiwa kitu kipya.

*Kashe ya inventori imeharibika.* Kashe ni nakala ya orodha iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yako. Shuku hili ikiwa viungo vimekufa kwa wingi ghafla, wewe hukufuta chochote, na idadi ya vitu ni ndogo kuliko kawaida yako. Kwenye Firestorm:

1. Fungua "Preferences", kisha "Network & Files", kisha "Directories".
2. Bofya "Clear Inventory Cache".
3. Toka kabisa kwenye programu.
4. Kabla ya kuingia tena, andika jina la eneo tulivu kwenye sehemu ya mahali pa kuingilia. Pooley hutumika sana kwa kazi hii.
5. Ukishaingia, usitembee wala usivae chochote. Fungua inventori na usubiri idadi ifike mwisho.

Kwenye programu rasmi, kitufe cha kufuta kashe kiko ndani ya "Preferences" pia. Hatua hii hupakua orodha nzima upya, kwa hiyo usiifanye kila siku kama desturi, na usiifanye ukiwa na bando la kuungaunga: kupakua kukikatika njiani unabaki na inventori nusu, na viungo vinaonekana vimekufa kuliko mwanzo.

Ukishajiridhisha kwamba kilichobaki kimekufa kweli, andika neno "broken" kwenye kisanduku cha kutafutia, upitie orodha, na ufute. Soma kila folda kabla ya kufuta, kwani ndani ya mavazi kiungo kilichokufa ndicho kumbukumbu pekee kwamba palikuwa na kitu.

Dalili: vazi linavaliwa nusu

Umechagua "Replace Current Outfit", suruali imekuja, koti halijaja, pete nazo zimegoma.

Sababu ya kawaida ni wingi wa kazi. Eneo lenye watu wengi huchelewesha viambatisho (vitu vinavyobandikwa mwilini), na maombi mengine hupotea njiani. Subiri kama dakika moja, kisha bofya kulia kwenye folda hiyo ya vazi na uchague "Add To Current Outfit". Hiyo huongeza vilivyokosekana bila kuvua vilivyopo. Usibofye "Replace" mara tano mfululizo. Kila mara unaanzisha kuvua na kuvaa upya, na ndivyo vitu vinavyokwama katikati, programu ikisema umevaa na macho yakisema hujavaa.

Inayofuata ni kikomo. Avata anabeba viambatisho 38, na paneli za HUD, yaani vidhibiti vinavyoonekana kwenye skrini yako, zimo katika hesabu hiyo. Mwili wa meshi (unaovaliwa juu ya ule wa kawaida), kichwa, nywele, kucha, mashine ya mikao (inayobadilisha avata anavyosimama na kutembea), HUD tatu za rangi ulizosahau kuvua, na hapo hujavaa kiatu. Tabaka za nguo za mfumo, yaani zile zinazochorwa juu ya ngozi, zina kikomo chao peke yake, 60 kwa jumla, na ni wachache wanaokifikia. Ukiwa karibu na 38, vua HUD kwanza, halafu uhifadhi vazi upya bila hizo. HUD haina kazi ndani ya vazi la kudumu. Hujaza nafasi na kula kumbukumbu ya kompyuta. Ziwekee folda yake yenye viungo vya HUD tu, uzivae unapozihitaji.

Kisha kuna vitu vya muda. Baadhi ya michezo na maduka humvalisha avata kitu ambacho hakiingii inventori kabisa. Ukihifadhi vazi ukiwa nacho, hakuna cha kuunganishwa, na kesho hakitakuwepo. Hakuna tiba; siyo chako.

Mwisho, tazama kama ulichokiunganisha ni kitu chenyewe au ni boksi lake. Bidhaa nyingi huja kama boksi la kufungulia, na kiungo cha boksi kitakuvalisha boksi. Vilevile usitegemee kiungo cha folda kuwekwa ndani ya vazi. Weka viungo vya vitu vyenyewe.

Dalili: nikivaa kimoja, kingine kinavuka

Karibu kila mara ni "Wear" mahali palipohitaji "Add". "Wear" huvua kilichoko kwenye sehemu ileile ya mwili. "Add" huongeza juu yake. Watengenezaji wengi huambatisha bidhaa zao kwenye sehemu ileile, kwa mfano mkono wa kulia, ambayo ndiyo ya awali isipochaguliwa nyingine. Matokeo yake saa inafukuza bangili, bangili inafukuza mkoba.

Kitu hukumbuka sehemu ya mwisho kilipovaliwa. Kikiwa kinagongana na kingine kila siku, kivae kwa "Attach To" kwenye sehemu isiyotumika sana, ukisogeze mahali pake, kisha ukivue ili nafasi hiyo ihifadhiwe. Viungo vyote vya kitu hicho vitafuata.

Sehemu nne za mwili ni tofauti: umbo, ngozi, nywele za msingi na macho. Avata lazima awe na moja ya kila aina, wala hawezi kuwa na mbili. Ukivaa umbo jipya, la zamani linaondoka hata ukichagua "Add". Kwa sababu hiyo, folda ya nguo iliyokuja dukani na umbo la mtengenezaji ndani yake itakubadilisha sura usipoangalia. Futa kiungo cha umbo hilo kwenye vazi lako.

Dalili: nimesogeza mkufu kwenye vazi moja, umehama kwenye mavazi yote

Hii siyo hitilafu, ingawa huripotiwa kama hitilafu kila wiki. Mkufu ni mmoja. Viungo kumi vinaelekeza kwenye huohuo, na kiungo hakihifadhi nafasi, ukubwa wala rangi. Ulichokirekebisha ni kitu halisi.

Kama mkufu unanakilika:

1. Bofya kulia kwenye kiungo, chagua "Find Original". Dirisha litakupeleka kwenye kitu halisi.
2. Chagua "Copy", kisha "Paste" ya kawaida kwenye folda ileile. Sasa una vitu halisi viwili.
3. Bofya kulia kwenye nakala na uchague "Rename", uipe jina linaloeleza kazi yake, mathalani jina la mkufu likifuatiwa na "kanzu" au "koti".
4. Ivae, irekebishe, ivue. Kuvua ndiko kunakohifadhi. Programu ikizima ghafla kabla hujavua, marekebisho yanaweza kupotea.
5. Ndani ya vazi husika, futa kiungo cha zamani na uweke cha nakala mpya.

Kama haunakiliki, chagua nafasi moja inayofaa mavazi mengi na ukubali. Baadhi ya mapambo yana menyu ya ndani inayohifadhi nafasi kadhaa. Bofya mkufu wenyewe uone kama unayo.

Dalili: nimenunua toleo jipya la mwili, mavazi yote bado yanavaa la zamani

Toleo jipya ni kitu kipya, hata likiwa na jina lilelile. Viungo vya mavazi themanini vinaelekeza kwenye mwili wa zamani, na hakuna haja ya kuvifungua kimoja kimoja. Kuna chombo cha kazi hii, na ni ajabu jinsi watu wengi wanavyokaa miaka bila kukijua.

Bofya kulia kwenye mwili wa zamani, yaani kitu halisi, siyo kiungo, na uchague "Replace Links". Dirisha lina nafasi mbili: ya kitu cha zamani, ambayo itakuwa imeshajazwa, na ya kitu kipya. Buruta mwili mpya kutoka inventori uudondoshe kwenye nafasi ya pili. Programu itahesabu viungo vilivyopatikana. Linganisha hesabu hiyo na unachotarajia: una mavazi themanini na imepata vitatu? Basi umechagua kitu kisicho chenyewe, pengine nakala nyingine ya mwili huohuo, au inventori haijamaliza kupakuliwa. Rudi nyuma.

Onyo: hakuna kitufe cha kurudisha. Badilisha kitu kwa kitu cha aina ileile, na kabla ya kuanza vaa mwili mpya peke yake kwa siku moja au mbili ili ujue nguo zako zinaukubali. Mwili wa zamani usiufute mpaka mavazi kadhaa yamejaribiwa. Na fanya kazi hii kabla ya kufuta kitu cha zamani.

Njia ya kupunguza kazi hii siku zijazo ni kuwa na vazi moja la msingi: mwili, kichwa, ngozi, umbo, mashine ya mikao. Nguo zikae kwenye folda nyingine za viungo visivyo na mwili, zivaliwe kwa "Add To Current Outfit" juu ya msingi. Mwili ukibadilika, unabadilisha kiungo kimoja. Hasara yake ni kwamba lazima ukumbuke kuvua nguo za awali kwa "Remove From Current Outfit". Kwa mwenye mavazi zaidi ya thelathini, hasara hiyo ni ndogo.

Dalili: "Paste As Link" imefifia au haionekani

Hakikisha kwanza umetumia "Copy" na siyo "Cut", na kwamba umebofya kulia kwenye folda, siyo kwenye kitu kilicho ndani yake. Ikiwa bado imefifia, kitu chako huenda kiko ndani ya "Library", folda ya vitu vya bure vya Linden Lab. Vitu vya huko havikubali viungo. Vinakili kwanza kwenye inventori yako. Folda za mfumo kama "Clothing" au "Objects" nazo hazitengenezewi viungo, wala huwezi kuweka kiungo cha folda ndani ya folda hiyohiyo.

Njia ya haraka kwa folda zilizo chini ya "Outfits": buruta kitu halisi na ukidondoshe juu ya vazi. Programu itatengeneza kiungo na kukiacha kitu mahali pake. Tahadhari, hii ni kwa folda za mavazi tu. Kwenye folda ya kawaida, kuburuta ni kuhamisha.

Kama tayari umehamisha bila kukusudia, usiogope: viungo vya kitu hicho bado vinafanya kazi. Bofya kulia kwenye kimojawapo, "Find Original", na ukirudishe unakotaka.

Dalili: vazi limebadilika lenyewe

Halikubadilika lenyewe. Programu hukumbuka vazi la mwisho ulilovaa, na ukiongeza au kuvua kitu huandika kwamba kuna mabadiliko yasiyohifadhiwa. Kubofya "Save" hapo kunaandika juu ya vazi lile. "Save As" ndiyo inayotengeneza jipya. Anayevaa vazi la harusi, akabadilisha viatu na nywele kwa ajili ya disko, kisha akabofya "Save", amepoteza vazi la harusi. Vitu halisi vipo vyote. Kilichopotea ni orodha, nawe utaiandika upya kwa mkono.

Tatizo dogo la jamaa yake: vazi ni lilelile lakini shati limekuwa juu ya koti. Mpangilio wa tabaka za nguo za mfumo huhifadhiwa katika maelezo ya kiungo, na kiungo ulichoweka kwa mkono hakina maelezo hayo. Vaa vazi, fungua sehemu ya kuhariri vazi, panga tabaka kwa mishale ya juu na chini, halafu "Save".

Dalili: nimempa rafiki folda ya vazi, hakupata kitu

Viungo havihamishiki kwa mtu mwingine. Mpe vitu halisi, na vile tu vyenye ruhusa ya kuhamishwa. Kumbuka kwamba kisichonakilika ukikitoa, kimeondoka kwako na viungo vyako vyote vya kitu hicho vimekufa.

Dalili: avata ni wingu, au havaliki wala havuliki

Hapa unagusa folda ya "Current Outfit". Ndani yake mna kiungo kwa kila kitu ulichovaa, na programu ndiyo inayoiandika. Usifute viungo humo kwa mkono, usiburute kitu kuingia wala kutoka.

Wingu maana yake moja ya zile sehemu nne za mwili haijapatikana, au picha za ngozi hazijafika. Fuata mpangilio huu, na usiende hatua inayofuata kabla ya kusubiri dakika mbili:

1. Bonyeza Ctrl+Alt+R ili mwonekano uandaliwe upya.
2. Fungua "Library", kisha "Clothing", kisha "Initial Outfits". Bofya kulia kwenye folda ya avata yeyote, "Replace Current Outfit". Utapata mwili kamili wa kawaida. Ukishaonekana, rudi kwenye vazi lako.
3. Toka, ingia tena kwenye eneo tulivu.
4. Futa kashe ya inventori kama ilivyoelezwa juu.

Hatua ya pili ndiyo inayotibu wengi. Kitu kinachosema kimevaliwa lakini hakionekani, nacho kivue, subiri, toka na uingie; usikivae juu yake chenyewe.

Simama hapa na uwaandikie Linden Lab ukiona lolote kati ya haya: folda ya "Current Outfit" au "Outfits" haipo kabisa, ziko mbili za jina moja zenye alama ya mfumo, idadi ya vitu inazidi kushuka kila unapoingia hata baada ya kufuta kashe, au wingu haliondoki hata kwa avata wa "Library" kwenye kompyuta nyingine. Hayo ni matatizo ya upande wa seva. Kila unachojaribu mwenyewe kuanzia hapo kinawaongezea wao ugumu wa kuona kilichotokea.

Fungua tiketi ukiwa na haya: tarehe na saa tatizo lilipoanza, kwa saa za Second Life, ambazo ni za California na ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 au 11 kulingana na msimu, jina kamili la folda au kitu, idadi ya vitu kabla na sasa, hatua ulizokwisha kujaribu, na maelezo ya programu, unayoyapata kwenye menyu ya "Help", sehemu ya "About", kwa kitufe cha kunakili. Matatizo ya programu ya Firestorm yenyewe yapelekwe kwenye kundi lao la msaada ndani ya Second Life.

Na akitokea mtu katikati ya mazungumzo akisema anaweza kukurudishia vitu ukimpa nywila, mkatalie. Wafanyakazi wa Linden Lab hutambulika kwa jina la ukoo Linden, na hata wao hawahitaji nywila yako ili waione inventori yako.